Shati la Kifungua Mimba

"Kitsao! Hiyo ni bafu, si kanisa! Toka, watu waenda kazini!"

Aliyekuwa akipiga bati la mlango kwa kandambili yake ni Mwanatabu, mwenye nyumba, mwanamke wa Jomvu Kuu aliyeachiwa nyumba hii ya Chaani na marehemu mumewe akaipangisha chumba kwa chumba. Ndani ya bafu Kitsao Tsuma alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, Biblia ameifunika kwa mfuko wa plastiki isilowe, akimalizia mistari ya mwisho ya sura ya siku hiyo. Hakujibu. Kitsao hakuwa mtu wa kujibu haraka. Alisoma hadi mwisho, akafumba macho, akachagua neno moja la kwenda nalo, ndipo akafungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na maji hata hujajimwagia!" Mwanatabu akawageukia wapangaji waliopanga foleni na taulo mabegani. "Mwamwona? Yuwaingia mkavu, yuwatoka mkavu kama samaki wa ng'onda. Wallahi mimi sijaona."

Watu wakacheka. Kitsao naye akatabasamu kidogo, akapita. Angewaeleza nini? Angewaambia kwamba katika nyumba nzima hapo ndipo mahali pekee palipobaki ambapo mtu angeweza kukaa peke yake na mlango ukafungwa?

Chumba chake kilikuwa kimoja, na kwa miaka sita kilimtosha yeye, mkewe Sidi na watoto wao watatu. Kila alfajiri kabla ya zamu ya kiwanda cha magunia alikaa ukingoni mwa kitanda akasoma sura moja. Ndivyo alivyofundishwa na mwinjilisti mmoja wa Mikindani, yule aliyemfunza kusoma jioni baada ya jioni, wakati Kitsao alipoacha ugema na ulevi. "Sura moja," alisema mwinjilisti, "isizidi, isipungue. Kisha chukua neno moja uende nalo kazini, ulitafune kama muwa." Miaka kumi na mmoja Kitsao alikuwa akitafuna. Mashine zilinguruma mtu asisikie hata kikohozi chake, na yeye midomo ilikuwa ikicheza. Wenzake walidhani anaimba.

Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na saba, na ukingo wa kitanda ulikuwa na mtu. Jumamosi moja mchana mamake alishuka kutoka kwenye basi la Kaloleni na furushi la nguo, pamoja na Kazungu, mdogo wake Kitsao, na binti ya Kazungu, Dhahabu, mtoto wa miaka sita. Dhahabu alikuwa na ugonjwa wa kuanguka. Alikuwa akicheza, mara macho yakageuka, mwili ukakakamaa, povu likamtoka mdomoni. Ulianza kama mzaha, mara moja kwa mwezi. Sasa ilikuwa mara mbili au tatu kwa juma.

Mama hakuketi, hata maji hakunywa.

"Babako amekuja kwangu ndotoni," alisema. "Mara nne. Anasimama uani, hana nguo, atetemeka. Aniambia, 'Nina mwana wa kwanza na nalala baridi.' Sasa ameanza kumshika mtoto."

Kitsao akaelewa kabla hajamaliza. Kwao, mzee akifa huchongewa kigogo kikachimbiwa karibu na nyumba, na hicho ndicho koma lake. Siku za shida kifungua mimba wa kiume humwaga tembo la mnazi hapo, akanyunyiza unga, akamwita mzee kwa jina na kumwomba. Mdogo hawezi kuifanya kazi hiyo mkubwa akiwa hai. Mzee Tsuma alikuwa na miaka minane kaburini, na koma lake lilikuwa halijaonja tone kutoka mkononi mwa Kitsao.

"Mama," Kitsao alisema taratibu, "mimi siwaombi waliokufa. Wajua. Mtoto nitampeleka zahanati kesho kutwa."

"Mpeleke. Lakini sisi hatuondoki hapa mpaka utoke na sisi."

Akakaa kitandani.

Ndivyo chumba kilivyofungwa na watu wakiwa ndani. Mama na Dhahabu walichukua kitanda. Sidi na watoto walilala jamvini. Kazungu na Kitsao walilala mlangoni, kichwa kwa miguu, na aliyetaka kutoka aliwaruka. Chini ya kitanda mama aliweka kibuyu cha tembo. Tembo halikai, linachacha, kwa hiyo kila baada ya siku mbili Kazungu alipanda basi kwenda kuleta jipya, asije kaka akakubali pakakosekana la kumwaga. Harufu ilijaa chumbani. Kitsao alikuwa amezaliwa katika harufu hiyo. Usiku aliigeuzia mgongo na bado ilimfuata puani, tamu, kama mtu anayemwita kwa jina la utotoni.

Hakuweza kumfukuza mama. Hakuna mtu anayemfukuza mamake. Alipomwendea mwinjilisti kuomba ushauri, mzee yule alimshika bega akamwambia asimame imara. Kitsao akashukuru, akarudi. Njiani akawaza kwamba mwinjilisti analala kitandani mwake mwenyewe.

Alikuwa anasoma habari za wafalme, na siku hizo sura zilimjia moja moja kama wageni wengine walioingia bila hodi. Jumapili ilikuwa ya mjane aliyebakiwa na konzi ya unga, na unga wake haukupungua. Unga wa Sidi ulipungua. Jumanne Eliya alikaa jangwani akaomba afe, na Kitsao, juu ya ndoo yake, akacheka kimya kimya mpaka akaogopa Mwanatabu atamsikia. Alhamisi alisoma habari za Nabothi, aliyekataa kumpa mfalme shamba la baba zake, akauawa. Neno hilo lilimkaa vibaya kazini kutwa nzima. Nabothi aliwashikilia baba zake. Na mama naye alikuwa akifanya nini?

Zahanati walimpa Dhahabu vidonge vyeupe, kimoja asubuhi na kimoja jioni, wakasema asikose hata siku moja. Siku tatu mtoto hakuanguka. Sidi akaanza kuimba akipika. Siku ya nne akaanguka mara mbili.

"Umeona?" mama akasema. "Mzee hatishwi na chokaa."

Jioni ya siku hiyo, Ijumaa, aliteremsha masharti. Alikuwa ametuma swali kwa wazee wa nyumbani, na Kazungu alikuwa amerudi na jibu pamoja na kibuyu.

"Wazee wamekuhurumia," mama akasema. "Hutaki kumwaga, usimwage. Hutaki kwenda, usiende. Mzee alia baridi. Toa shati lako tu, nguo ya mwana wa kwanza. Kazungu atalifunga komani. Kazi imekwisha."

"Shati tu, kaka," Kazungu akadakia. "Hata si lazima liwe jipya."

"Jipya lipo?" Sidi akauliza, na wote wakacheka, hata mama, kwa sababu Kitsao alikuwa na mashati mawili, na moja lilikuwa na kwapa moja tu.

Kicheko kilipokwisha walikuwa bado wanamtazama. Kitsao akasema atafikiri. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye. Habari ya kumwaga tembo aliikataa mara moja, lakini shati alisema atafikiri.

Akafikiri siku nne. Sidi alimngoja kwenye mfereji wa maji, mahali ambapo wangeweza kusema bila watu.

"Baba Tsuma," alimwambia, kwa jina la mtoto wao mkubwa, "mimi naamini unachoamini. Lakini nimechoka kubadilisha nguo mbele ya shemeji yangu. Shati ni kitambaa. Mungu hajui kama ni kitambaa?"

"Anajua."

"Basi?"

Kitsao alichukua ndoo akambebea.

Siku ya Jumanne sura ilikuwa ya yule mama wa Shunemu, ambaye mtoto wake alilia kichwa, kichwa, akafa magotini mwake, na Elisha akaja akamlalia, mtoto akapiga chafya mara saba akafumbua macho. Kitsao alilibeba neno hilo kama yai. Mashine ziliponguruma aliomba kwa sauti, maana hakuna aliyemsikia. Aliomba chafya moja tu, si saba.

Aliporudi alimkuta Dhahabu sakafuni, ameanguka tena, Sidi amemlaza ubavu. Alipotulia, Kitsao alimbeba akampangusa mdomo kwa ncha ya leso ya mama iliyokuwa imetandikwa pale. Ncha ilikuwa ngumu. Ilikuwa imefungwa fundo. Akafungua, na vidonge vyeupe vikamwagika kiganjani, vingi, vingine vimeanza kusagika.

Akamtazama mama.

"Sidi akimpa, mimi namwambia ateme," mama akasema, bila kuficha. Uso wake haukuwa wa mtu mbaya. Ulikuwa wa mtu asiyelala. "Dawa mbili hazikai nyumba moja. Shati likifungwa, hivyo vidonge tutavitupa kabisa, mzee asije akaona tunamjaribu. Mimi nataka mjukuu wangu apone, Kitsao. Wewe wataka nini?"

Kitsao akaviweka vidonge vyote mfukoni mwake.

Asubuhi ya Jumatano aliingia bafuni akafungua sura iliyofuata, na karibu aangushe kitabu majini. Ilikuwa habari ya Naamani. Yule jemadari aliyeponywa ukoma, akaapa hatamwabudu mungu mwingine, kisha akaomba jambo moja. Bwana wake mfalme akiingia nyumba ya Rimoni, mungu wao, kuinama, akimwegemea mkono, na yeye Naamani akalazimika kuinama pamoja naye, Mungu amsamehe kwa hilo. Na nabii hakumfokea. Alimwambia aende kwa amani.

Kitsao alisoma mara mbili. Mara tatu. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiomba Neno limsemeshe, na leo, siku hii, lilikuwa limemfungulia mlango wenye upana wa mtu na mzigo wake. Mama ndiye bwana anayeegemea mkono. Shati ni kuinama tu. Enenda kwa amani. Angetoka hapa na kusema ndiyo, na jioni angelala kitandani mwake.

"Kitsao!" Bati likapigwa. "Leo wasoma msahafu mzima?"

"Naja, bibi."

Lakini hakuinuka. Kitu kilikuwa kinamkwama. Naamani alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, jambo analotaka kufanya na kwamba si la kweli. Hakuna mtu aliyeponywa au kuumizwa kwa kule kuinama kwake. Na yeye Kitsao? Siku shati lake litakapofungwa kwenye kile kigogo, vidonge vitatupwa. Watasema kaka mkubwa amekiri. Mtoto ataanguka motoni, au kisimani, na shati litakuwa linapepea pale pale. Mlango ulikuwa wazi kwa Naamani. Kwake yeye ungefungwa na mtoto angebaki ndani.

Alipotoka, foleni ilikuwa imefika kwenye mfereji, na kwa mara ya kwanza Mwanatabu hakumtania. Alimtazama usoni akampisha.

Chumbani walikuwa wameshaamka wote. Furushi la mama lilikuwa limefungwa. Juu yake palikuwa na shati jeupe la mikono mirefu, lile la Jumapili, limekunjwa vizuri. Sidi alikuwa amesimama pembeni, anatazama sakafu.

"Nimelitoa mimi," Sidi akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

"Usimkaripie," mama akasema. "Mke amekusaidia. Mkono wake ni mkono wako, lakini wazee wanataka wewe uwe umeridhika. Husemi, najua, wewe tangu utotoni husemi. Basi usiseme. Nyamaza tu. Sisi tutachukua shati, tutatoka hapa, na wewe ukinyamaza tutahesabu umeridhika."

Kazungu akachukua furushi. Mama akamshika Dhahabu mkono. Wakaanza kwenda mlangoni, na mlango ulikuwa hatua tatu.

Masharti yalikuwa yameteremka mpaka hapo. Kwanza kumwaga, kisha shati, sasa kunyamaza, jambo ambalo Kitsao alilifanya vizuri kuliko watu wote wa Chaani. Kazungu alikuwa ameshavuka kizingiti. Kitsao alijua kwamba akikohoa tu wakati utakuwa umepita.

"Sikuridhika," akasema.

Sauti ilitoka kubwa. Nje watu wakageuka.

"Shati ni langu na sikulitoa. Kazungu, lirudishe. Na popote litakapofungwa, jueni, na wazee waambieni, na baba kama asikia na asikie: Kitsao hakuridhika."

Mama akasimama. Hakulia. Alichukua shati juu ya furushi, akalikunjua, akaliangalia kama mtu anayepima bega la mtoto, kisha akaliachia likaanguka sakafuni.

"Vyema," akasema. "Mungu wako akutosha. Basi mtoto naye mleeni wewe na huyo Mungu." Akamsukuma Dhahabu polepole kuelekea kitandani. "Na mimi siku nikifa, Kazungu atanizika. Wewe usitie udongo."

"Mama—"

"Usiniite."

Kazungu alibaki kizingitini, amekwama katikati. Alimtazama bintiye, akamtazama kaka. "Kaka," akasema chini chini, "mimi nataka apone. Yeyote atakayemponya, mimi ni wake. Mpe hivyo vidonge." Akamfuata mama.

Kitsao alichelewa zamu siku hiyo. Aliwafuata hadi kituo cha basi akiwa amebeba furushi, maana Kazungu alikuwa na kibuyu, na mama alitembea mbele asigeuke. Basi lilipokuja alipanda bila kuaga. Aliketi dirisha la upande wa pili, asimwone Kitsao.

Zikapita wiki. Chumba kilikuwa na nafasi, na Kitsao hakuona raha ya nafasi hiyo. Sura zilipita macho tu. Alizisoma hata hivyo, moja kila siku, isizidi, isipungue, maana hakujua kufanya vingine. Baadhi ya siku neno alilokwenda nalo kazini lilikuwa ni jina la mfalme mbaya na hakuna kingine. Sidi alimpa Dhahabu kidonge na kumshika taya mpaka ameze. Mtoto aliendelea kuanguka, lakini mara moja kwa juma, kisha siku kumi zikapita bila kuanguka. Haukuwa muujiza. Mtoto alikuwa anakunywa dawa.

Mwisho wa mwezi Kitsao alipanda basi la Kaloleni na Dhahabu, ili mama amwone. Dhahabu aliingia kwa bibi yake mbio. Kitsao alipofika mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi, Mama. Shikamoo."

Akabisha tena. Akasikia Dhahabu anacheka ndani, na mama akimnyamazisha. Akakaa barazani. Jua likapanda. Basi la kurudi lilikuwa la alasiri, na hapakuwa na kwingine pa kwenda, mbele yake uani koma la baba, nyuma yake mlango. Kwa kuwa alfajiri aliondoka haraka, alikuwa hajasoma. Akatoa kitabu.

Habari za wafalme zilikuwa zimekwisha, na kilichofuata kilikuwa orodha. Fulani akamzaa fulani, na wana wa fulani ni hawa. Alisoma kwa mnong'ono, kidole chini ya mstari, akijikwaa kwenye majina.

"Soma kwa sauti au ondoka," mama akasema kutoka ndani, karibu kabisa na mlango. "Waninong'onia mlango kama mwizi."

Kitsao akasoma kwa sauti. Majina ishirini, thelathini.

"Hao ni akina nani?"

"Ni watu wa zamani, Mama. Wamekufa."

"Wamekufa wote?"

"Wote."

"Na nyinyi huko kanisani mwawataja?"

"Twawasoma. Hatuwaombi. Twasema tu kwamba walikuwako, na nani alizaliwa na nani."

Kuku alipita akadonoa kwenye nyayo zake.

"Basi mtaje na babako," mama akasema.

Kitsao akafunga kitabu juu ya kidole. Jasho lilimtoka. Alitafuta kama hapo pana mtego, na hakuwa na hakika kwamba hapana. Akalitazama lile koma, kigogo kilichoanza kupauka kwa mvua, kisha akageuka akaketi kuuelekea mlango, mgongo kwa koma.

"Kitsao, babu yangu, alimzaa Tsuma," akasema. "Tsuma alikuwa mgema. Tsuma akamwoa mama yangu, akamzaa Kitsao, na Kazungu." Akasita. "Akafa. Basi."

Alingoja komeo litoe sauti. Halikutoa.

"Umewaruka dada za babako," mama akasema kwa ndani. "Anza tena."

Kitsao akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akaanza tena.